Daktari Asiye na Picha

Binti yangu alizilaza karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akaniita niache vyombo nije nitazame.

"Mama, sasa huyu ni nani?"

Karatasi ya kwanza iliandikwa Dk. Rebecca Lee Crumpler. Ya pili, aliyotoka nayo mpwa wangu shuleni kwake, iliandikwa Mary Eliza Mahoney. Uso ulikuwa mmoja. Macho yale yale, mdomo ule ule, hata kivuli kilichoangukia shavu kilikuwa kile kile.

Mezani palikuwa na manila nyeupe, gundi, mkasi na kalamu za rangi. Sisi familia chache tunaojuana huku Massachusetts, za Kitanzania, za Kikenya na moja kutoka Bukavu, huwa tunakutana kila Februari. Watoto wanachagua mtu mmoja Mweusi aliyefungua njia, wanamsoma, wanatengeneza bango, wanasimama mbele ya wazazi kumweleza, halafu tunakula pamoja. Zamu hii ilikuwa yetu, na binti yangu alimchagua Dk. Crumpler kwa sababu mbili: ni mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari, na aliishi Boston, mji tunaopita kila tukienda kwa wifi yangu.

Pale katikati ya manila alikuwa ameshachora duara kubwa la kubandika picha.

Tangu siku hiyo wiki zimepita, bango limeshatolewa ukutani, na bado nawaza kuhusu lile duara.

## Sura ya kuazima

Usiku ule nilikaa na mpwa wangu tukafuatilia, na jibu halikuchelewa. Hakuna picha yoyote ya Dk. Crumpler iliyothibitishwa kuwa yake. Hata moja. Zinazozunguka mitandaoni kwa jina lake nyingi ni za wanawake wengine wawili.

Mmoja ni huyo Mahoney, aliyehitimu hapa hapa Boston mwaka 1879, Mmarekani Mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo rasmi ya uuguzi. Mwingine ni Eliza Grier. Huyu alizaliwa utumwani, akasomea udaktari Philadelphia kwa kupokezana na shamba: mwaka mmoja yuko darasani, mwaka unaofuata anachuma pamba apate ada. Ilimchukua miaka 7. Alihitimu mwaka 1897.

Hapo ndipo iliponiuma. Mtu amechuma pamba miaka kwa miaka ili aitwe daktari, na leo uso wake unabandikwa juu ya jina la mwingine. Ukimpa Crumpler sura isiyo yake, Grier naye umempokonya ya kwake. Picha moja inapoteza watu wawili.

Wifi yangu hakukubaliana nami. Aliniambia kwenye simu, bila kuzunguka: "Wifi, mtoto wako darasani kwake wenye ngozi kama yake ni wa kuhesabu. Anahitaji kumwona daktari anayefanana naye. Bandikeni hiyo iliyopo, watoto wafurahi, siku nyingine mtawaeleza."

Sikumpuuza, na mpaka leo naona ana hoja. Watoto huanza na macho. Binti yangu ameshawahi kuniuliza kama madaktari wanaofanana na sisi wako Muhimbili peke yake. Picha ina kazi inayofanya kwa mtoto kabla hajasoma neno hata moja, na mzazi anayelea mtoto Mweusi ughaibuni anaijua kazi hiyo vizuri.

Lakini nikajiuliza: tunamfundisha nini tukimwonyesha kwamba wanawake Weusi wa karne ya 19 wanaweza kubadilishana nyuso na isiwe neno? Hivyo ndivyo walivyotazamwa enzi zao. Yeyote kati yao alitosha kuwa yeyote.

Tukakubaliana picha haibandikwi.

Sasa tubandike nini?

## Alichokiacha kwa mkono wake

Alichokiacha ni kitabu. Kilichapishwa Boston mwaka 1883, kimetokana na kumbukumbu alizokuwa akiandika miaka yote ya kazi, na leo kinasomeka bure mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa kama kilivyotoka kiwandani.

Amekitoa kwa akina mama, wauguzi, na wote wanaotamani kuwapunguzia wanadamu mateso. Nililisoma tabaruku lile mara mbili. Alikuwa daktari mwenye shahada katika nchi iliyomwona kama kioja, angeweza kuwaandikia madaktari wenzake ili kuwathibitishia kwamba anastahili kukaa nao. Aliwaandikia akina mama.

Mwanzoni mwa kitabu anajieleza kwa aya chache tu. Alilelewa Pennsylvania na shangazi mwema ambaye watu walimfuata kila mara walipokuwa na mgonjwa, na huko ndiko alikopata hamu ya kuwatuliza wenye maumivu. Baadaye alifanya uuguzi kwa miaka 8 chini ya madaktari mbalimbali, zaidi akiwa Charlestown. Madaktari hao ndio waliomwandikia barua za kumpendekeza chuoni, New England Female Medical College, chuo cha wanawake cha udaktari. Aliingia mwaka 1860. Akiwa bado masomoni alifiwa na mumewe wa kwanza, Wyatt Lee, kwa kifua kikuu. Machi 1864 akahitimu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa.

Kuhusu msiba wake hasemi kitu. Wala hasemi lolote kuhusu kuwa wa kwanza.

Hilo la pili lilinishangaza kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumeliandika "WA KWANZA" kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Kwa miaka mingi hata vitabu vya historia vilimpa nafasi hiyo mwingine, Rebecca Cole, aliyehitimu mwaka 1867. Yeye mwenyewe alipopata nafasi ya kujieleza kwa kalamu yake, alitaja shangazi yake, wagonjwa wake, na kazi.

## Bibi anasikiliza

Mama yangu yuko nasi tangu baridi ianze. Alikuwa mkunga wa zahanati wilayani Muheza mpaka alipostaafu, na Kiingereza chake ni kile cha dawa, vipimo na kadi ya kliniki. Tulikuwa tunasoma sebuleni, binti yangu anasoma kwa Kiingereza, mpwa wangu anageuza kwa Kiswahili, mimi nawasaidia pagumu. Bibi alikuwa pembeni anachambua maharage na hakuonekana kujali.

Sehemu yote ya kwanza ya kitabu ni tumbo la mtoto: chanzo, kinga na tiba ya maradhi ya kuharisha kuanzia kuzaliwa hadi meno yamalize kuota, au mpaka apite miaka 5. Tulipofika anapolalamika kwamba watu husahau kuwa kila ugonjwa una chanzo chake, na kwamba huenda uwezo wa kukiondoa uko mikononi mwao, Bibi aliinua kichwa.

"Hebu rudia hapo, baba."

Mpwa wangu akarudia.

Bibi akaweka sinia chini. "Huyo mama alikuwa anafanya kazi kweli. Hayo huwezi kuyasema kama hujashika mtoto anayekufa kwa kuharisha."

Halafu akatueleza habari ya meno ya plastiki. Wengi mnaosoma hapa mnaijua, lakini wanangu walikuwa hawajawahi kuisikia. Mtoto wa miezi mitano ana homa na anaharisha. Mama amezunguka, bibi wa jirani amemwambia hiyo si ya hospitali. Anapelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji, anafunuliwa mdomo, vinaonekana vidoti vyeupe ndani ya fizi. Ni meno yake ya kawaida ambayo bado hayajatoka. Yanaitwa meno ya plastiki na yanang'olewa kwa spoku ya baiskeli. Siku ya pili au ya tatu ndipo mtoto anafika zahanati, fizi zimechanika, hawezi kunyonya, macho yameingia ndani.

"Kilichokuwa kinamuua ni kukaukiwa maji," Bibi alisema. "Maji ya chumvi na sukari yangemtosha siku ya kwanza. Meno hayakuwa na kosa."

Binti yangu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Wala si sisi peke yetu tuliowahi kuyashuku meno. Katika karne ile ile ya Dk. Crumpler, madaktari wa Ulaya na Marekani, wenye vyeti na majina, walikuwa wakichana fizi za watoto wachanga kwa kisu wakiamini kuota meno kunaua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1883, mwaka ambao Robert Koch alikwenda Misri kusaka kijidudu cha kipindupindu. Elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa. Katika giza hilo, mwanamke huyu anawaambia akina mama watafute chanzo, na anasema wazi kwamba shabaha yake kuu ni kumtia mtu fulani akilini kwamba kinga inawezekana.

Nilimuuliza Mama alifanyaje kuhusu wale waliokuwa wakipeleka watoto kung'olewa. "Mwanzoni nilikuwa nawagombeza. Wakawa wanakuja wamechelewa zaidi, kwa kuniogopa. Nikaacha. Nikaanza kuwafundisha wakiwa wajawazito, kabla mtoto hajawa na fizi za kuchanwa."

Kwa hiyo hamu ya kumtafutia Dk. Crumpler sura ikanitoka jioni ile. Nilikuwa naye sebuleni tayari, sauti yake inajibishana na ya mama yangu kuhusu watoto wa miaka mia na zaidi iliyopishana.

## Richmond

Vita vilipokwisha mwaka 1865 alikwenda Richmond, Virginia, ambako ndiko ulikokuwa mji mkuu wa Kusini iliyokuwa ikipigania utumwa. Alifanya kazi pamoja na idara ya serikali iliyoanzishwa kuwahudumia watu walioachiwa huru, wengi wao wakikataliwa na madaktari wazungu. Anaandika kwamba karibu kila saa ya kukaa kwake kule ilitumika kazini, na kwamba mwishoni mwa mwaka 1866 aliweza kila siku kuwafikia maskini wengi sana, katika mji wenye watu Weusi zaidi ya 30,000.

Inasimuliwa kwamba madaktari wanaume walimpuuza na wauza dawa walisita kutoa dawa alizoandika. Nataka msomaji alifikirie hili la wauza dawa. Unampima mtoto, unajua ana nini, unaandika dawa inayomfaa, mama anakwenda dukani na karatasi yako, anarudi mikono mitupu. Kesho yake unaamka unaendelea.

Kitabuni hawalaumu kwa neno hata moja. Sijui kama ni ustahimilivu au ni uchovu, au aliona karatasi ni chache na watoto ni wengi. Mama yangu alipoulizwa alisema: "Aliwaandikia wamama. Mama mwenye mtoto mgonjwa ukimpa ugomvi wako atafanya nao nini?"

Aliporudi Boston aliendelea kwa nguvu mpya, akitibu nje na kuwapokea watoto nyumbani kwake, bila kujali sana atalipwa nini. Hapo Bibi alicheka kwa furaha. "Sisi tuliletewa kuku."

## Duara

Jumamosi ilipofika duara lilikuwa bado liko pale katikati ya manila.

Mpwa wangu ndiye aliyepata kitu cha kuweka. Mwaka 1894, mwaka mmoja kabla hajafariki, gazeti la Boston Globe lilimwelezea: mwanamke wa kupendeza na mwenye akili, mtumishi wa kanisa asiyechoka, mrefu, amenyooka, ngozi ya kahawia isiyokoza, nywele zenye mvi. Binti yangu aliyaandika maneno hayo kwa Kiswahili ndani ya duara, kwa mwandiko wake mkubwa wa kuegemea kushoto. Chini yake akaandika majina matatu, Crumpler, Mahoney na Grier, na mbele ya kila jina kazi ya mwenyewe.

Watoto wakasimama, wakaeleza. Mtoto wa rafiki zetu wa Bukavu aliuliza kwa Kiswahili cha kwao kwa nini hawakumpiga picha. Wazazi tulitazamana. Studio za picha zilikuwepo Boston enzi hizo. Pengine alipigwa, na picha ikapotea pamoja na vitu vya nyumba. Alikuwa na binti, Lizzie, aliyezaliwa mwaka 1870, na habari zake baada ya utoto hazionekani kirahisi kwenye kumbukumbu. Picha za familia hufuata watoto. Mtoto akipotea kwenye maandishi, sanduku la picha linapotea naye.

Wifi yangu alisimama mbele ya bango kwa muda. Akasema yeye bado angeweka picha. Kisha akaniomba kiungo cha kile kitabu.

## Kilima na kaburi

Baridi ilipopungua kidogo tuliwapeleka watoto Joy Street. Ni mtaa mwembamba wa matofali mekundu unaopanda kilima cha Beacon Hill, na upande ule wa kaskazini ndio uliokuwa kitovu cha watu Weusi wa Boston. Namba 67 ndiko alikoishi na kutibu. Hatua chache kutoka hapo kuna African Meeting House, iliyojengwa mwaka 1806, jengo la kanisa la watu Weusi kongwe kuliko yote yaliyosimama Marekani. Leo nyumba za mtaa ule ni za watu wenye fedha nyingi mno. Nilikuwa nawaza akina mama waliopanda kilima kile na mtoto begani usiku, wakijua mlango upi hautafungwa.

Mpwa wangu alihesabu milango mpaka tukafika, wakapiga picha, wakaanza kulalamika njaa.

Makaburi ya Fairview, Hyde Park, yalikuwa magumu zaidi kwangu. Alizikwa pale mwaka 1895. Jiwe lenye jina lake limesimamishwa Julai 2020. Katikati hapo ni miaka 125 ya majani matupu. Mumewe wa pili, Arthur Crumpler, aliyefuatia mwaka 1910, alilala naye vivyo hivyo bila alama. Waliochangisha fedha ni wapenzi wa maktaba ya mtaa wa Hyde Park, wakaungana nao watu wa kawaida na vyuo vya udaktari vya jimbo hili. Watu wa maktaba ndio waliolianzisha, na hilo nalipenda sana: watu wa vitabu wamemtafutia jiwe mwandishi wa kitabu.

Arthur naye alistahili bango lake. Alizaliwa mtumwa Virginia, akatoroka, akafanya kazi ya uhunzi. Mkewe aliandika kitabu, yeye hakujua kusoma. Baada ya mkewe kufariki alijiandikisha shule ya jioni, na mwaka 1898 gazeti likaandika habari zake kama mwanafunzi mzee kuliko wote Boston, akiwa na zaidi ya miaka 70. Nimejiuliza mara nyingi kama kitabu cha mkewe ndicho alichotaka kukifikia. Hakuna anayeweza kunijibu, na naona ni haki yake kubaki nalo.

## Daftari

Jambo lililonifanya niandike leo lilianza tukiwa garini tunarudi kutoka Hyde Park. Binti yangu alimuuliza Bibi: "Wewe ulikuwa unaandika?"

Bibi akasema aliandika rejista ya zahanati, uzito, tarehe, jina la mama. Rejista zilibaki zahanati. Ya kwake mwenyewe hakuandika.

"Sasa nani atajua?"

Bibi alikataa kwanza. Yeye si daktari, alisema, kazi yake iliisha na wenyewe waliozaliwa wapo. Binti yangu akamkumbusha kwamba kitabu kile kimetolewa kwa akina mama na wauguzi, kwa hiyo waandishi wanaweza kuwa wale wale. Hoja hiyo Bibi hakuipinga, akanyamaza mpaka nyumbani.

Sasa Jumapili mchana mpwa wangu anamrekodi kwa simu na binti yangu anaandika kwenye daftari kubwa la mistari. Wamemaliza kufunga kitovu. Wamo kwenye wiki ya kwanza ya kunyonyesha, na kuna mabishano makali kwa sababu binti anataka kila ukurasa uwe na mchoro, wakati Bibi anataka kwanza yaandikwe majina ya wakunga waliomfundisha kazi, wote, pamoja na wale wa jadi waliokuwa wakizalisha kabla zahanati haijajengwa. Anayataja akihesabu kwa vidole, anasimama, anarudi nyuma, anaanza upya.

Wawili kati yao hakumbuki majina ya baba zao. Jumapili hii tunapiga simu Muheza kuuliza.